Damu ya mzee dukani, kahawia juani: rangi ya tyubulaiti inapimwaje?

Dada yangu alipokaribia kuolewa, kamati ya sendofu ilinipa kazi moja tu: nitafute satini ya sare na lesi ya kupambia, vyote rangi ya damu ya mzee. Nikazunguka Kariakoo nusu siku. Satini niliipata mapema. Lesi niliipata duka la nne, ndani kabisa, mahali ambapo jua halifiki na dari nzima ni tyubulaiti. Nikaviweka vitambaa viwili pamoja chini ya taa. Sawasawa. Muuzaji akaniambia, "Dada, hawa ni mapacha." Nikalipa.

Kesho yake asubuhi nikavipeleka kwa fundi cherehani wetu, mzee anayeshonea barazani kwake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hebu tuone." Akavitandaza juani, akanyamaza kidogo. "Hivi umevinunulia wapi, gizani?"

Nilipotazama, satini ilikuwa damu ya mzee kweli. Lesi ilikuwa kahawia. Tena kahawia ambayo hata asiyejua rangi angeiona akiwa ng'ambo ya barabara. Na cha kuchekesha, au cha aibu, ni kwamba mimi ndiye niliyesomea mambo ya mwanga hadi shahada ya pili. Ndugu zangu hawajaacha kunikumbusha.

Basi leo nataka tujibu swali ambalo kila aliyewahi kununua nguo dukani amekutana nalo: je, taa ilinidanganya, au macho yangu? Na kama ningekuwa na kipimo mkononi siku ile, ningepima nini? Mwisho wa makala utaona kwamba swali hili halihusu sare za sendofu tu. Wodini linaweza kuamua kama muuguzi ataona mgonjwa anakosa oksijeni au hataona.

Ndani ya tyubu kuna nini

Tuanze na glopu ya zamani, ile yenye waya ndani. Umeme unapita kwenye waya, waya unapata moto mpaka unang'aa. Mwanga wake una rangi zote za upinde wa mvua, zikifuatana bila pengo, ila nyekundu ni nyingi na bluu ni kidogo. Jua nalo lina rangi zote, kwa mizania nyingine.

Tyubulaiti haifanyi hivyo. Ndani yake kuna gesi, kwa kawaida agoni, na mvuke kidogo wa zebaki. Umeme ukipita, atomu za zebaki zinasisimka na kutoa mwanga, sehemu kubwa ikiwa urujuanimno wa nanomita 253.7, ambao jicho halioni. (Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Tunachokiona sisi ni kati ya nanomita 380 na 780 hivi.) Ukuta wa ndani wa tyubu umepakwa unga mweupe. Unga huo unameza urujuanimno na kutema mwanga unaoonekana. Kwa hiyo taa halisi ni ule unga, zebaki ni kuni tu.

Sasa, rangi ya taa inategemea unga gani umepakwa. Mwaka 1942 watafiti wa kampuni ya GEC huko Uingereza waligundua unga wa halofosfeti ya kalsiamu, na kwa miongo kadhaa ndio uliotawala. Unga huo unatoa mwanga uliosambaa wa bluu na wa njano-chungwa, ambao kwa pamoja unaonekana mweupe. Miaka ya 1970 ukaja mchanganyiko wa unga wa aina tatu. Mmoja unatoa bluu karibu na nanomita 450, mwingine kijani karibu na 545, na wa tatu wekundu unaoelekea chungwa karibu na 611. Katikati ya hizo kuna mabonde, yaani rangi ambazo karibu hazipo.

Juu ya hayo yote, zebaki yenyewe inachungulia na mistari yake: 405 na 436 upande wa zambarau na bluu, 546 kijani, na miwili karibu na 578 upande wa njano.

Kwa hiyo tukisema tyubulaiti ni "nyeupe", tunasema kitu cha ajabu kidogo. Weupe huo umeungwaungwa kwa vipande vichache. Swali ni kwa nini jicho halioni viraka.

Jicho lina mashahidi watatu tu

Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli za koni za aina tatu. Moja huitikia zaidi mwanga wa mawimbi mafupi, ya pili ya kati, ya tatu marefu. Kila koni inatoa jibu moja tu: nimepata mwanga kiasi gani. Haisemi mwanga huo ulikuwa wa nanomita ngapi.

Chukua mfano wa kikapu cha sokoni. Mtu anakuambia kikapu kina uzito wa kilo tatu. Inaweza kuwa nyanya, inaweza kuwa viazi, inaweza kuwa mchanganyiko. Mizani haijui. Jicho nalo lina mizani tatu za namna hiyo. Mianga miwili tofauti kabisa ikitoa majibu matatu yanayolingana, ubongo unasema: rangi moja. Jambo hili linaitwa metamerizimu, na bila hilo tusingekuwa na televisheni, simu janja wala tyubulaiti.

Na hapo ndipo upimaji wa rangi ulipoanzia. Miaka ya 1920 huko Uingereza, W. D. Wright na John Guild, kila mmoja kivyake, waliwakalisha watu mbele ya kiduara kidogo kilichogawanywa nusu mbili. Nusu moja ilikuwa na mwanga wa rangi moja safi. Nusu ya pili ilikuwa na mchanganyiko wa taa tatu: nyekundu, kijani na bluu. Mtu anaongeza na kupunguza zile tatu mpaka mpaka wa katikati unapotea machoni pake. Wanaandika vipimo, wanahamia rangi nyingine. Wright alikuwa na watu 10, Guild 7.

Kutokana na watu hao 17, mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga, inayojulikana kwa herufi CIE, ilitengeneza "mtazamaji wa kawaida": majedwali matatu yanayosema kila nanomita ya mwanga inachangia kiasi gani kwenye namba tatu, X, Y na Z. Unachukua spektra ya taa yako, yaani kiasi cha mwanga kwenye kila nanomita, unazidisha na majedwali hayo, unajumlisha. Ukigawa X kwa jumla ya zote tatu unapata x ndogo. Ukifanya hivyo kwa Y unapata y ndogo. Namba hizo mbili ni anwani ya taa yako kwenye chati ya rangi.

Angalia mambo mawili hapa. Kwanza, namba hizi zimetoka machoni mwa watu. Spektromita inapima fizikia, lakini x na y zina binadamu 17 ndani yake. Pili, kiduara chao kilikuwa kidogo, nyuzi 2 tu, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Ukuta mzima wa ofisi si kidole gumba, ndiyo maana mwaka 1964 CIE iliongeza mtazamaji wa nyuzi 10. Na macho hayafanani pia. Lenzi ya jicho huwa ya njano zaidi umri unavyokwenda, kwa hiyo fundi wetu mzee na mimi, kwa vipimo vya kisayansi, hatuoni bluu ileile.

Kelvini: moto usiounguza

Nenda dukani, shika boksi la tyubu. Utakuta 2700K, 4000K au 6500K. Hiyo K ni kelvini, kipimo cha joto. Joto la nini sasa, wakati tyubu yenyewe ukiigusa ni vuguvugu tu?

Kumbuka mhunzi. Chuma kikianza kupata moto kinakuwa chekundu, kikizidi kinakuwa rangi ya chungwa, kisha njano, kisha kinaelekea weupe. Wanafizikia wana chuma chao cha kufikirika, kitu cheusi kamili, ambacho rangi yake inategemea joto peke yake. Ukichora safari ya rangi zake kwenye ile chati ya x na y, unapata mstari uliopinda kama upinde. Joto-rangi la taa ni joto ambalo kitu hicho kingehitaji ili kifanane nayo kwa rangi.

Kwa hiyo 2700K ni rangi ya glopu ya zamani, ya njano-njano, na 6500K ni rangi ya mchana wa mawingu mepesi, yenye ubluu. Na hapa watu wengi wanachanganyikiwa: kelvini kubwa, yenye "joto" zaidi, ndiyo tunayoiita nyeupe ya baridi. Lugha ya kila siku inafuata hisia, kwamba moto ni mwekundu na baridi ni bluu. Fizikia inakwenda kinyume.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Mwaka 1992 C. S. McCamy alitoa fomula fupi. Tafuta n kwanza:

n = (x − 0.3320) ÷ (0.1858 − y)

Kisha joto-rangi = 449n³ + 3525n² + 6823.3n + 5520.33.

Tujaribu. CIE ina orodha ya tyubu za mfano, F1 hadi F12. F2 ni tyubu ya halofosfeti ya kawaida ya ofisini, x yake ni 0.3721 na y ni 0.3751. Juu tunapata 0.0401, chini −0.1893, kwa hiyo n ni −0.2118. Ingiza kwenye fomula, unapata karibu 4230. Na kweli, F2 imeandikwa 4230K.

Lakini namba hii ina mapungufu mawili ya kujua. La kwanza, hatua zake si sawa. Kutoka 2700K kwenda 3000K utaona tofauti mara moja. Kutoka 6200K kwenda 6500K, kelvini 300 zilezile, huenda usione kitu. Ndiyo maana wataalamu wakati mwingine hugawa milioni moja kwa kelvini. Hatua ya kwanza inakuwa 37, ya pili kama 7 na nusu tu.

La pili ni kubwa zaidi: tyubulaiti si chuma cha moto, kwa hiyo anwani yake si lazima ikae juu ya ule mstari. Inaweza kuwa juu yake kidogo, taa ikaelekea ukijani, au chini yake, ikaelekea waridi. Zote mbili zitaandikwa 4000K kwenye boksi. Ukiwahi kuingia ukumbini ukaona tyubu mbili jirani, moja inakufanya uonekane mzima na nyingine inakufanya uonekane umeamka na malaria, basi umeona tofauti ambayo kelvini haiisemi. Kipimo chake ni umbali kutoka kwenye mstari, na kifaa kizuri hukitoa pamoja na kelvini.

Taa mbili, weupe mmoja, lesi mbili

Sasa turudi Kariakoo. Tuseme nimepima tyubu ya dukani, kelvini zake safi, iko juu ya mstari barabara. Je, ningepona na ile lesi?

Hapana. Kwa sababu vipimo vyote hadi sasa vinahusu rangi ya taa ukiitazama yenyewe, au ikimulika karatasi nyeupe. Kitambaa kinafanya kazi nyingine: kinachukua mwanga unaokifikia, kinameza baadhi, kinarudisha baadhi. Hakiwezi kurudisha kisicholetwa.

Satini na lesi vilitiwa rangi kwa dawa mbili tofauti. Maelezo yanayolingana na nilichokiona ni haya: satini ilirudisha vizuri wekundu wa mbali, nanomita 640 kwenda juu. Lesi haikurudisha sana huko. Chini ya tyubu ya unga wa aina tatu, ambayo wekundu wake umerundikana kwenye 611 na baada ya hapo karibu hakuna kitu, tofauti hiyo haikuwa na mwanga wa kuionyesha. Vitambaa vyote viwili vilirudisha kilekile kidogo kilicholetwa. Jua likaleta wekundu wote, satini ikaupokea, lesi ikabaki na ukahawia wake. Muuzaji hakusema uongo. Dukani kwake walikuwa mapacha kweli.

Kwa tatizo hili kuna kipimo kingine, CRI, yaani uwezo wa taa kuonyesha rangi za vitu. CIE ilikiweka mwaka 1965 na kukirekebisha mwaka 1974. Unachukua sampuli 8 za rangi, unakokotoa zitaonekanaje chini ya taa yako, halafu chini ya taa ya rejea yenye kelvini zilezile: kitu cheusi kamili kama ni chini ya 5000K, mwanga wa mchana kama ni 5000K kwenda juu. Zikifanana kabisa unapata 100. F2 yetu inapata 64. F11, tyubu ya unga wa aina tatu yenye 4000K, inapata 83.

Hii ndiyo siri ya namba fupi unazoziona mwishoni mwa jina la tyubu, kama 765, 840 au 865. Tarakimu ya kwanza ni kumi za CRI, mbili zinazofuata ni mamia ya kelvini. 865 ni CRI ya themanini na kitu, 6500K. 765 ni weupe uleule, lakini CRI ya sabini na kitu. Ukiziwasha na kuzitazama huwezi kujua ipi ni ipi. Ukizimulika kwenye nyanya utajua.

Ila usishangilie mapema. Zile sampuli 8 ni rangi zilizopoa, hakuna iliyokolea. Nyekundu iliyoiva imo kwenye sampuli ya ziada, ya 9, ambayo haihesabiwi kwenye wastani. Tyubu inaweza kuwa na CRI ya 80 na zaidi halafu sampuli ya 9 ikawa na alama za chini mno. Kwa zile za halofosfeti alama hiyo huenda hata chini ya sifuri. Damu ya mzee iko hapohapo. Ni sababu mojawapo iliyofanya wahandisi wa mwanga wa Marekani mwaka 2015 walete mfumo mpya wenye sampuli 99.

Jicho nalo linajirekebisha

Kuna jambo moja linalofanya neno "inavyoonekana" liwe gumu kuliko "ilivyo". Kaa chumbani chenye tyubu ya 6500K kwa dakika kadhaa, karatasi ni nyeupe. Hamia chumba cha 2700K, mwanzoni kila kitu ni kama kimemwagiwa chai. Subiri kidogo, karatasi ni nyeupe tena. Koni zinapunguza sauti ya rangi iliyozidi, kama mtu anayezoea kelele ya jenereta. Johannes von Kries aliliandika wazo hilo kihesabu mwaka 1902, na mpaka leo mifumo ya kukokotoa rangi inayoonekana imejengwa juu ya msingi wake.

Kamera ya filamu haikuwa na uwezo huo. Ndiyo maana picha za zamani zilizopigwa ofisini chini ya tyubulaiti zina ukijani wa ajabu, ingawa waliokuwepo hawakuona ukijani wowote. Simu yako leo inajaribu kuiga jicho, inajirekebisha yenyewe. Kwa hiyo usipime rangi ya taa kwa picha ya simu iliyo kwenye mpangilio wa kawaida. Imeshakufichia jibu kabla hujauliza swali.

Basi kipimo kamili cha rangi inayoonekana kinahitaji vitu vitatu: spektra ya taa, kitu kinachomulikwa, na mazingira ambayo jicho limeyazoea. Ukiacha kimojawapo umepima kitu kingine.

Kupima bila kujidanganya

Nilipoanza kutumia spektromita nilifanya kosa ambalo kila mwanafunzi hufanya: niliwasha tyubu, nikapima palepale, nikapima tena baadaye, namba hazikufanana. Nikadhani kifaa kibovu. Kumbe ni mimi.

Tyubulaiti inategemea mvuke wa zebaki, na mvuke unategemea joto. Ipe dakika 15 au zaidi itulie. Chumba kiwe karibu nyuzi 25 za selsiasi, na feni izimwe, kwa sababu upepo unapoza ukuta wa tyubu. Tyubu mpya kabisa nayo haifai; kwa vipimo rasmi inachomwa saa 100 kwanza.

Halafu kuna kupepesa. Tyubu zenye choki ya zamani na stata, kwenye umeme wetu wa hezi 50, zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini ule unga wa aina tatu haufifii kwa pamoja: bluu inazima karibu papo hapo, kijani na nyekundu zinachelewa kwa milisekunde. Yaani ndani ya kila mmweko taa inayumba kutoka ubluu kwenda unjano. Ukipima kwa milisekunde 3 utapata rangi moja, ukirudia utapata nyingine. Dawa ni kupima kwa muda unaotimiza mizunguko kamili: milisekunde 10, 20, 100 na kuendelea. Ile mistari inayotembea kwenye video ya simu ukiwa chini ya tyubu, ndiyo hiyo hiyo habari.

Mwisho, pima mahali kitu kilipo. Ukuta uliopakwa kijani unachangia kijani chake kwenye meza.

Pale ambapo si suala la sare

Nilikuahidi wodi. Damu yenye oksijeni ya kutosha na damu iliyopungukiwa hutofautiana sana kwa namna zinavyomeza wekundu wa nanomita 660 hivi. Ile oksimita ya kubana kidole, tuliyoizoea wakati wa Uviko, inatumia mwanga wa eneo hilohilo. Jicho la muuguzi nalo linautegemea linapotazama midomo, ulimi, fizi na kucha kutafuta rangi ya bluu, ishara kwamba mgonjwa hapati oksijeni. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, hayo ni kati ya maeneo yanayosema wazi zaidi.

Sasa kumbuka: tyubu nyingi zina nini kwenye 660? Karibu hakuna. Wekundu ukipungua, mgonjwa mzima anaweza kuonekana wa bluu. Wekundu ukizidi, anayezama anaweza kuonekana salama. CRI haiwezi kukuonya, maana haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Australia na New Zealand walilichukulia hili kwa uzito. Kiwango chao cha taa za hospitali cha mwaka 1997 kina kipimo maalumu cha kutazamia ubluu huo: kisizidi 3.3, na taa iwe kati ya 3300K na 5300K. Tazama hiyo ya pili. Tyubu ya 6500K haipiti.

Vivyo hivyo kwa manjano ya mtoto mchanga: ushauri ni kumtazama kwenye mwanga wa mchana. Mama akikuambia "msogeze dirishani tumwone vizuri", anafanya sayansi sahihi.

Fanya mwenyewe

Tafuta CD ya zamani. Mistari yake imepishana kwa mikromita 1.6, kwa hiyo inatawanya mwanga kama prizimu. Usiku, simama mbali kidogo na tyubu, inamisha CD mpaka uone mwanga wake umetawanyika. Ukiona michirizi iliyoachana, bluu, kijani, nyekundu-chungwa, ni unga wa aina tatu. Ukiona utandu mpana wenye mistari michache iliyong'aa juu yake, ni halofosfeti. Linganisha na glopu ya waya kama unayo, au mshumaa: rangi zinafuatana bila pengo. Usijaribu kwa jua, litakuumiza macho. Na tyubu usiivunje, ina zebaki.

Utasema, mbona tyubulaiti zinaondoka? Ni kweli. Mwaka 2023 huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuwa utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu za matumizi ya kawaida vikome ifikapo mwisho wa 2027. Lakini zilizopo darini zitaendelea kuwaka kwa miaka, na LED zinazochukua nafasi zinauzwa kwa namba zilezile, K na CRI, zikiwa na udhaifu uleule kwenye nyekundu. Ukiambiwa taa ya wodi au ya duka ni "nyeupe nzuri", uliza: CRI ngapi, na sampuli ya 9 ina alama ngapi?

Kuhusu sendofu, ilifanyika. Fundi alishona sare bila lesi, ikapendeza. Lesi ninayo bado, ipo kabatini, na huwa naitumia nikifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza: tunaitazama darasani chini ya tyubu, kisha tunatoka nayo nje. Hakuna mhadhara unaowanyamazisha haraka kama ule.

Ukienda kununua kitambaa, mwombe muuzaji akuruhusu utoke nacho mlangoni. Wengi wanakubali. Wanajua.